Historia ya Urbanus Kimeu, Aliyekataa Gari

Marehemu Urbanus Kimeu, ambaye historia yake inasomwa na bintiye Katunge kama ilivyoandikwa na mkewe Mumbi, alizaliwa tarehe 6 Mei 1948 huko Kilimambogo, akiwa kifungua mimba, akafuatwa na Zacharia ambaye ameketi hapa mbele. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1963, akitembea maili nne kwenda na nne kurudi, na mwaka 1968 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika, ambako alipanda hadi kuwa msimamizi wa zamu.

Alimwoa Mumbi tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa mabinti wawili, Katunge na Tabby aliyezaliwa mwaka 1990.

Mwaka 1991 kiwanda kilitaka kuwakopesha wasimamizi magari, marehemu akakataa, akaendelea na baiskeli yake kutoka nyumbani Ruiru hadi Thika, na mkewe hafichi kwamba alinuna, kwa sababu aliyekanyaga matope na mtoto mgongoni ni yeye. Marehemu alimjibu kwamba barabara imepanuliwa kwa ajili ya magari na mtoto bado hana pa kupita, hivyo yeye hataongeza gari lingine. Mwaka 1993 alizunguka na daftari kutoka Githurai hadi Theta, akakusanya sahihi mia nne na kumi na mbili za kuomba njia ya wanaokwenda kwa miguu, na baadhi yenu mliofika leo mlimwita Bwana Pedali, mkakataa kutia sahihi, na njia hiyo haipo hadi sasa.

Tarehe 9 Septemba 1998, saa kumi na mbili jioni, akisukuma baiskeli karibu na Ruiru, aligongwa na gari ambalo halikusimama. Mengine yalipita, likiwemo la Zacharia, ambaye baadaye alimwambia Mumbi, "Shemeji, niliona mtu amelala, nikadhani ni mlevi." Aliyesimama ni Omondi, muuza kabichi, akamwaga mzigo wake mtaroni, akamlaza marehemu kwenye mkokoteni, akamvuta hadi hospitalini. Marehemu aliugua wiki nane, mguu kwanza, kisha figo, akafariki tarehe 3 Novemba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta uji, wafanyakazi wenzake, na Omondi.

Zacharia ametoa gari lake libebe jeneza, na mengine kumi na manne yako nje yakisubiri kulifuata, lakini yote yatabaki hapa kanisani. Jeneza liko kwenye mkokoteni wa Omondi, kaburi liko Theta, mwendo wa saa mbili, na tutapita katikati ya lami, kwa sababu pembeni hakuna njia.

Kimeu, pumzika kwa amani, tunakupeleka kwa miguu.