Bosi wa Kwenye Simu

Nassir, mnunuzi wa alizeti wa Dar, alipanda basi la Kilosa kwenda Mikumi kumchunguza kimyakimya Obed, wakala wake, ambaye walijuana naye kwa simu tu. Kijana wa kiti cha mbele alikuwa akimwambia mama mmoja, "Bosi wangu sijawahi kumwona, lakini akipiga simu huanza kuulizia mguu wa mama yangu. Mtu wa hivyo hawezi kunigeuka."

Mama akacheka. "Mwanangu, hata mchinja mbuzi huanza kwa kumpapasa."

"Huyu wangu ananiamini, mama."

Nassir akainamisha kichwa. Mguu ule alikuwa akiuulizia kweli, tena kila mara.

Basi likasimama Mikumi. "Mzee, unashuka?" konda akamwuliza.

"Nashuka."

Kusikia sauti ile ya kwenye simu, Obed akageuka kwa furaha pale kiti cha mbele. "Bosi! Shikamoo! Mbona hukusema unakuja?"