Simu za Alfajiri za Praiveti Abdiqani Bare Aweys

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Praiveti Abdiqani Bare Aweys alimpigia simu mama yake, Qali, aliyekuwa Griftu. Walizungumza dakika nne. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, gari la kikosi chake lilikanyaga bomu karibu na Ijara. Alifariki hospitalini saa mbili na nusu asubuhi, akazikwa Griftu kesho yake.

Marehemu alizaliwa Griftu tarehe 3 Februari 2001, mtoto wa pili wa Mzee Bare Aweys. Alisoma Griftu na Wajir, akamaliza kidato cha nne mwaka 2019. Wakati wa likizo alichunga ngamia wa nyumbani, akimwita kila ngamia kwa jina lake.

Mwaka 2021 alijiunga na jeshi, akafunzwa Eldoret, akawa askari wa miguu. Tangu hapo hakuna upande uliomwamini sawasawa. Alipokuja likizo, vijana wa sokoni walimdhihaki: "Afande, umekuja kutuhesabu?"

"Nimeanza na mbuzi zenu," akawajibu. Walicheka, ila mazungumzo yao yalikatika kila alipokaribia. Agosti 2023 alimwoa Hodan Abdiwali, baada ya baba mkwe kuiweka posa miezi minne akichunguza kijana huyu anatumwa na nani. Walijaliwa binti, Kaaha.

Kambini nako walimtilia shaka. Kwa wafugaji, salamu haijatimia mpaka mtu aulize mvua imenyesha wapi, kina nani wamefika kisimani, na wameelekea upande gani. Askari mmoja aliyejua Kisomali kidogo alimsikia akiuliza hayo kwenye simu aliyopiga kila alfajiri, akadhani anampa adui habari, akayafikisha kwa wakubwa. Abdiqani alipofariki, simu yake ilizuiliwa kwa uchunguzi.

Siku ya tatu ya msiba, ofisa mmoja alimuuliza Qali kwa upole, "Mama, alfajiri ile alikuwa anaulizia kina nani kisimani?"

Qali akamjibu, "Ngamia zetu. Ungemuuliza mwenyewe akiwa hai, angekutajia na majina."

Tangu siku hiyo, kila mwezi alikwenda Wajir kuidai simu. Hakukubali mwanawe alale kaburini na jina la msaliti.

Marehemu ameacha wazazi wake, mjane wake Hodan, binti yake Kaaha, kaka yake Abdirashid na dada yake Sahro. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake na ampe utulivu.

Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, siku mbili kabla ya dua hii ya mwaka, simu ililetwa Griftu pamoja na barua ya mistari miwili: uchunguzi haukuona kosa. Alfajiri zote, mara mia mbili na kumi na mbili, ilipigwa namba moja tu, ya mama yake.