Kipimo cha Nne cha Mwalimu Masharti

Ndugu zangu, majirani, walimu, wanafunzi na nyote mliokuja kutushika mkono, ninasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, fundi cherehani, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba karatasi hii marehemu mwenyewe aliipitia akiwa kitandani, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanipa sharti moja, kwamba orodha yoyote nitakayoisoma mbele yenu iwe kamili, asisahaulike mtu, na rasimu yangu ya kwanza, nakiri, ilifeli.

Dada yetu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akalazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi kuliko kitanda, na baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, akachukua tepu yake na kumpima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaandika namba ile ukutani kwa chaki, nayo haikufutwa mpaka nyumba ilipopakwa rangi upya. Leo angetimiza miaka sabini na mitatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi Novemba 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1965 hadi 1970, na huko ndiko alikopata jina la Masharti, kwa sababu mwalimu akisema jambo lolote, hata kwamba kesho hakuna masomo, yeye alinyoosha mkono na kuuliza ni kwa masharti gani, tabia aliyokuja nayo nyumbani, ikamchosha mama, kwani huwezi kumtuma chumvi mtoto anayetaka kwanza kujua masharti ya safari. Aliingia chuo kikuu mwaka 1971, akahitimu shahada ya hisabati tarehe 30 Novemba 1974, akafundisha sekondari miaka mitatu, kisha akarudi chuoni mwaka 1978 na kupata shahada ya uzamivu tarehe 4 Juni 1982, na kuanzia Septemba mwaka huo hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2016 alikuwa mhadhiri katika chumba kimoja tu, namba kumi na saba, chenye dirisha lisilofunga vizuri ambalo aliliziba kwa gazeti lilelile miaka yote.

Kuhusu kazi yake niseme nilivyoelewa mimi, na wasomi mliopo mnivumilie, mficha uchi hazai. Mwaka 1984 nilimtania dukani kwangu kwamba mimi nina vipimo kumi na viwili vya mwili wa binadamu, kifua, kiuno, bega na kadhalika, na bado sijawahi kuitwa profesa, naye hakucheka, akavuta kigoda, akaniambia kwamba anashughulika na maumbo yasiyo na bonde, yaani umbo ambalo ukichagua nukta mbili zozote ndani yake na kuvuta uzi kati ya nukta hizo, uzi wote unabaki ndani, yai ni la namna hiyo, mche wa sabuni ni wa namna hiyo, kikombe hapana. Akasema kipimo chema cha maumbo hayo kina masharti matatu, la kwanza ukiunganisha vipande viwili uvijumlishe kisha utoe pale vilipopandana, usihesabu mara mbili, jambo ambalo fundi yeyote aliyewahi kushona mshono analijua, la pili ukilisogeza au kuligeuza umbo namba isibadilike, na la tatu umbo likibadilika kidogo namba nayo ibadilike kidogo, isirukeruke.

Nikamwambia vipimo vya namna hiyo lazima viwe maelfu. Akaniambia hapana, katika dunia yetu hii ya urefu, upana na kina viko vinne tu, na vingine vyote, hata vitakavyobuniwa na watu ambao hawajazaliwa, ni mchanganyiko wa hivyo vinne. Ndugu zangu, nilisimamisha cherehani. Sikujua kwamba binadamu anaweza kuijua hata mipaka ya vitu ambavyo bado hajavifikiria, nywele zilinisimama, na mpaka leo nikikumbuka zinasimama. Cha kwanza ni ujazo, cha pili ni eneo la ngozi ya nje, cha tatu ni upana wa wastani ukilitazama umbo kutoka kila upande, na cha nne kilinichekesha, kwa maana kila umbo lililopo, liwe mlima au punje ya mtama, kinalipa namba moja, basi, moja. Nilisema hicho si kipimo, ni uvivu. Akanijibu kwamba nikipevuka nitakielewa, wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mke.

Vinne hivyo hakuvigundua yeye, walivithibitisha waliomtangulia, na alikuwa mkali sana mtu akimsifia visivyo vyake. Yeye alichukua maumbo yenye masharti magumu zaidi, na mwaka 1991 alichapisha orodha ya vipimo saba, akapongezwa, na miezi mitano baadaye, kabla ya mtu yeyote kugundua, aliandika barua kwa mkono wake kusema kuna mahali alihesabu kilichopandana mara mbili, kwa hiyo orodha haijakamilika, naiondoa. Wenzake walimwambia anyamaze, kosa lenyewe halionekani, akasema linaonekana kwake. Alitafuta kipimo kilichosahaulika kwa miaka kumi na miwili, na tarehe 19 Julai 2003, saa tisa mchana, akiwa amekaa kwenye meza yangu ya kukatia akinisubiri nimpunguzie sketi, ghafla alichukua chaki yangu na kuanza kuandika juu ya kitambaa cha suti ya bwana harusi wa watu. Nilipiga kelele. Hakunisikia. Kipimo cha nane kiliandikwa kwenye mguu wa kushoto wa suruali, na uthibitisho kwamba cha tisa hakipo ukamalizikia kiunoni, akanizuia kukung'uta chaki ile mpaka amenakili yote, na bwana harusi yule, ambaye hajui mpaka leo alichokivaa, alipendeza.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na shemeji yetu, mpima ardhi, ndiyo maana tuliita kwao nyumba ya futi na rula, wakaishi kwa upendo na ubishi mpaka shemeji alipotutangulia tarehe 22 Aprili 2011. Hapa ndipo rasimu yangu ilipofeli. Niliandika kwamba walijaaliwa watoto wawili, binti, ambaye ni mkunga, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1983, na kijana, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 27 Februari 1986, na dada akakata neno wawili kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: watatu. Nilidhani dawa zimemchanganya. Akanikumbusha tarehe 2 Oktoba 1981, mtoto wa kiume, aliyeishi dakika arobaini, ambaye katika fomu ya hospitali nafasi ya uzito iliachwa wazi na nafasi ya urefu iliachwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima. Aliniambia, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa ndogo, kwamba ameishi miaka arobaini na miwili akisikia watu wakihesabu wawili mbele yake, na kwamba umbo linaweza kusinyaa mpaka likawa nukta, ujazo ukawa sufuri, ngozi sufuri, upana sufuri, lakini kipimo cha nne hakishuki, kinabaki moja, maana sufuri yake ni ya kisichokuwepo kabisa. Nililia pale wodini, dada yangu akanipapasa kichwa kama zamani. Kwa hiyo nasoma alivyoandika: walijaaliwa watoto watatu.

Alianza kusumbuliwa na tumbo mwezi Juni 2023, akapimwa na kukutwa na uvimbe kwenye kongosho, akalazwa tarehe 11 Januari 2024, na akafariki siku ya Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Mchana wake niliitwa kumpima kwa ajili ya gauni alilolivaa sasa, nikafungua daftari langu kwenye ukurasa wa gauni lake la kustaafu, kifua 102, kiuno 94, bega 41, na pembeni nikaandika za siku ile, 74, 61, 35. Ukurasa mzima hapakuwa na namba isiyoshuka. Nikaongeza mstari mmoja chini, ambao fundi hana kazi nao, nikaandika moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwauliza masharti ya kila kidonge na hawakumkasirikia, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, wahadhiri wenzake na wanafunzi wa chumba namba kumi na saba, na kama nimemsahau yeyote anyooshe mkono sasa hivi, sitaki kalamu nyekundu inifuate.

Atalazwa pembeni ya mwanawe wa kwanza, ambaye kaburi lake tulilisafisha jana na kuliwekea kibao. Dada, nimeisoma yote, na safari hii nimehesabu vizuri. Pumzika kwa amani.