Mama Allen na Tope la Mtaa Wetu

Baba Paroko, ndugu, majirani na waheshimiwa mliofika, kabla hatujaianza safari ya Rombo familia imenituma mimi, Allen, niwasomee maisha ya mama yetu, Celina Theophil Shirima, ambaye hapa Mchafukoge wengi mlimwita Mama Allen, na ninawaomba radhi mlioketi mmebanana, kwani turubai limefungwa upande mmoja tu wa barabara, upande wa pili kuna tope.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Mashati, wilayani Rombo, akiwa mtoto wa nne wa mzee Theophil na mama Angelina, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na hakuendelea na sekondari kwa sababu zamu ilikuwa ya kaka zake, jambo ambalo aliwakumbusha kila Krismasi.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa takatifu na mzee wetu Isidori, wakahamia Dar es Salaam, Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na Rachel. Biashara zilipofunguliwa, mwaka 1986 alianza kuuza mitumba Mchikichini, nguo zikiwa zimetandazwa chini naye mgongoni ana mtoto, hadi tarehe 3 Mei 1993 alipofungua duka la vitenge hapa mtaani, katika nyumba ya Mama Jasumati, ambaye kwanza alikuwa mwenye nyumba wake, baadaye akawa kama dada yake.

Tarehe 29 Oktoba 2000 alichaguliwa kuwa diwani, akatumikia vipindi viwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akihutubia zaidi ya dakika chache, bali kila mwaka kabla ya masika mlimwona amevaa mabuti, amesimama kwenye mfereji na vijana wa usafi, na alikuwa na sharti moja tu, kwamba tope likitolewa liondoke siku hiyo hiyo, na gari lisipokuja alilifuata mwenyewe huko liliko na kurudi amekaa mbele na dereva. Mwaka 2010 hakugombea tena, alikuwa ameanza kuumwa kisukari, akarudi dukani.

Miaka iliyofuata ilimchosha kuliko ile ya udiwani. Mfereji uliziba, akaenda ofisi ya kata, akaambiwa suala linafanyiwa kazi, akaenda tena, akakuta waheshimiwa wanapangana kwa ajili ya picha, hoja ya mfereji ikasogezwa kikao kijacho. Tarehe 10 Februari 2018 madiwani walifika kweli, wakiongozwa na mheshimiwa Wilbert, na vijana wenye simu na taa, mheshimiwa akaingia mferejini akiwa na koleo, akatoa tope, akalirundika barabarani, akaongea mbele ya simu zilizokuwa zikimrekodi kwa muda mrefu kuliko alivyochota, kisha wakaondoka, na rundo likabaki. Wiki iliyofuata mama alikutana na mheshimiwa huyo, naye, baada ya shikamoo, akamweleza kwa furaha kwamba video ile imeangaliwa na watu wengi sana.

"Nimeiona, baba," mama alimjibu. "Sasa gari la kubeba tope linakuja lini?"

Gari halikuja. Mvua ndogo za Machi zililirudisha tope lote mferejini, na asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2018, masika yalipokolea, maji machafu yalipanda hadi ndani ya ile nyumba yenye duka, Mama Jasumati akiwa peke yake chumba cha chini na miguu yake haina nguvu. Mama aliingia kwenye yale maji, akamshika mkono, akamtoa hadi kwenye ngazi, na akiwa njiani alikanyaga chuma kilichopenya kandambili na kuingia unyayoni.

Kwa kisukari chake kidonda hakikufunga. Alilazwa hospitali moja huko Upanga mwezi Mei, tarehe 19 Juni alikatwa mguu chini ya goti, na siku chache baadaye waheshimiwa walikuja kumjulia hali wakiwa na mpiga picha, mama akavuta shuka akafunika uso wake, na kutoka humo ndani akasema, "Rachel, mwambie akaupige picha mfereji." Hatukuwahi kumsikia akiwa na hasira kama siku ile. Hali yake iliendelea kudhoofu, akafariki dunia saa kumi na moja alfajiri, Jumapili, tarehe 9 Septemba 2018, mkono wake ukiwa mkononi mwa mzee Isidori.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Paroko, wafanyabiashara wa Kariakoo na Mchikichini mliofunga maduka leo, na Mama Jasumati na wanawe, Amit na Zarna, waliopika chakula cha msiba huu tangu siku ya kwanza. Waheshimiwa madiwani, tunawashukuru kwa kufika, na familia ina ombi moja, basi letu likishaondoka ninyi msiondoke, vueni hayo makoti, simu zikae mifukoni, muite gari la kubeba tope, kwa sababu vuli inakuja mwezi ujao, na Mama Jasumati bado anaishi chumba kile kile cha chini.

Mama yetu, umechoka vya kutosha. Lala kwa amani.