Jinsi Nilivyoitwa Simvivu

Ndugu zangu wa chama, nawasalimu. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, tena nieleze kwa upole. Upole sikuja nao. Nimeuacha nyumbani kwa mke wangu, yeye anao wa kutosha.

Mnamkumbuka yule bwana shamba aliyekuja na lori lenye kipaza sauti. Jina lake silitaji. Alikuja kutufundisha kupogolea mibuni, akaona maneno matupu hayatuingii, akaamua kutuonyesha mchezo. Wazo zuri, sikatai. Akanichagua mimi niwe mkulima mvivu, kwa kuwa nilizoea kuwachekesha watu kwenye ngoma za mavuno. Nikamwambia, "Bwana, shamba langu mimi ni safi. Watu watanionaje?" Akanishika bega. "Usiogope, mzee. Mwisho wa mchezo nitalitaja jina lako na kuwaambia wote waende wakalione shamba lako."

Kisha akatafuta jina la huyo mvivu, akacheka peke yake. "Huku kwenu kila mwanamume ni Si-fulani, kila mwanamke ni Na-fulani. Basi wewe ni Simvivu!"

Jamani, watu walicheka! Nililala chini ya mbuni, nikakoroma, nikafukuza nzi kwa mguu. Yule bwana alipoona kicheko kile akasahau ahadi. Akafunga vyombo vyake, akanipakia kwenye lori, na kijiji cha pili ikawa vilevile, cha tatu vilevile. Jina langu halikutajwa popote.

Msimu ukafika, nikapeleka kahawa kituoni. Karani akapaza sauti, "Ya Simvivu hiyo, wekeni kando na zile mbovu!" Gunia hata hakulifungua. Binti yangu wakamwita Namvivu kisimani, na waliokuja kumposa wakarudi kwao kimya kimya. Nawaambia, nilikasirika hadi nikaishiwa nguvu. Nikaacha jembe. Nikawa nalala mchana, safari hii kweli, na magugu yakanifika kiunoni. Nikawa yule yule waliyemcheka.

Siku moja mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Eliza, yule bwana atarudi mavuno yajayo, na Bwana DC atakuwepo. Anataka ucheze tena. Nimjibu nini?"

Nikakaa kitandani. "Mjibu nitacheza."

Nikaazima mkasi kwa jirani, yule pale nyuma anayejificha uso. Kila tawi bovu nililokata, nililitaja jina la yule bwana. Wenzangu hupalilia wakiimba nyimbo za kanisani, mimi nilipalilia nikimtukana mtu. Mchungaji anisamehe, lakini mibuni ilistawi.

Siku ikafika. Nikalala, nikakoroma, watu hoi. Bwana DC, Mzungu, alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni, alikitamka neno moja moja. Akamwuliza yule bwana, "Huyu mchezaji ni nani?"

"Simvivu, Bwana."

"Kama si mvivu, kwa nini umemlaza chini?"

"Ndilo jina lake, Bwana. La mchezo."

"Na la kweli?"

Ndugu zangu, hakulijua! Alinitazama tu. Mchezaji mwenzangu mmoja alitaka kumnong'oneza, nikamkazia macho, akanyamaza. Nilimwacha yule bwana asimame pale, jasho likimtoka mbele ya watu wote, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilifurahi. Hata leo nafurahi.

Ndipo nikainuka, nikajikung'uta vumbi, nikasema jina langu na la baba yangu. Nikamwomba Bwana DC tutembee hadi shambani kwangu, hapo tu ng'ambo ya kijito. Umati wote ukafuata, na karani naye. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kila tawi. Nikaieleza ile ahadi mbele yao. Bwana DC akaamuru lori lirudi vijiji vyote, na yule bwana alitangaze jina langu kwa kinywa chake. Alilitangaza mpaka sauti ikamkauka. Karani siku hizi hufungua magunia yangu. Wale wa posa nao walirudi, nikawaweka juani kwanza.

Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniita Simvivu hata alipokuwa na haki. Namshukuru jirani kwa mkasi wake. Nanyi mlionicheka nawashukuru pia, kwa shingo upande. Akija mwingine na mchezo wake, chezeni, maana mchezo unafundisha kweli. Lakini kabla hamjalala chini, mwulizeni majina yenu, mmoja mmoja. Akibabaika, msilale.

Mchungaji huniuliza kila Pasaka kama nimesamehe. Jina la yule bwana nalijua, na la baba yake, na la kijiji alikotoka. Ningeweza kulitaja sasa hivi. Lakini alinisimamisha mbele ya watu bila jina, na mimi nitamwacha hivyo hivyo: yule bwana, mpaka nife.