Sakafu ya Kuramochi na Buti za Kunguru wa Jalalani

Tarehe 31 Machi, fundi wetu mkuu wa kurekodi, Kuramochi Tetsuo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika studio hii ya Tennoji, Osaka. Mimi ndiye niliyempikia na kupiga deki sakafu yake, kwa hiyo nimeambiwa nimseme. Nitamsema.

Alikuja kijana mwembamba, anaogopa hata kuomba chai. Amerekodi nyimbo za mapenzi, kwaya za shule na matangazo ya dawa ya mbu. Sheria yake ilikuwa moja: viatu mlangoni. Sakafu ile ya mbao aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, na sidanganyi.

Ndipo wakaja Kunguru wa Jalalani, bendi ya panki, ule muziki wa kelele na hasira. Nywele za kijani, pini masikioni, adabu tele. Walivua buti, wakazipanga sawasawa, wakarekodi albamu yao ya kwanza wakiwa na soksi tu. Ikadoda. Mhakiki mmoja wa gazeti la muziki, ambaye hajawahi kufika hapa, aliandika kwamba hii ni hasira ya watu waliovua viatu.

Alijuaje? Swali hilo lilimkaa Kuramochi kooni. Wali wangu akawa anauacha bakulini. Anasikiliza kanda, anasogeza maikrofoni, anagonga ukuta, anasikiliza tena. Kampuni ilikuwa imewapa Kunguru albamu moja tu zaidi. Nayo ikidoda, basi tena.

Siku ya kuirekodi, Chigusa, mwimbaji wao, aliinama kufungua kamba za buti. Kuramochi akamzuia.

"Ingia nazo."

"Mzee, unaumwa?"

"Ingia nazo! Na ukanyage kama sakafu imekutukania mama."

Mimi nikapayuka: "Na deki utapiga wewe?"

"Nitapiga, mama."

Mpaka leo namsubiri.

Albamu ilipotoka, gazeti la jiji likasema ni kelele za watu wanaobomoa nyumba. Jingine likaiita aibu ya Osaka. Yule mhakiki wa kwanza aliandika machache, akamalizia: "Hatimaye wamevaa viatu." Siku hiyo Kuramochi alikula, akaomba tena. Vijana waliimaliza albamu madukani, na Kunguru wakabaki na kazi yao. Mimi huisikiliza nikifuta vumbi. Maneno siyaelewi, lakini miguu naisikia. Sasa yule mhakiki aliisikiaje, katika albamu ya kwanza, miguu isiyo na buti? Bado najiuliza.

Kesho yake baada ya kurekodi, sheria ya viatu ilirudi. Alama za visigino zipo bado karibu na ngoma. Wenye studio walipotaka kubadilisha mbao, Kuramochi aligoma. Yeye mwenyewe hajaikanyaga sakafu ile na viatu hata mara moja.

Kuramochi, umewafundisha vijana wetu kusikiliza kabla ya kugusa kitu. Asante sana. Kula vizuri, acha kubeba spika za watu, na Mungu akupe siku ndefu zenye utulivu mwingi na kelele kidogo. Na siku ya kukuaga, usiiname pale mlangoni. Pita na viatu vyako mpaka katikati ya chumba.

Deki nitapiga mimi.