Kugonga Mlango Dakika ya Saba

Kando ya duka la dobi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, kuna benchi la mbao ambalo halina mwenyewe, na ndiyo maana kila Ijumaa alasiri linakaliwa na watu wanaojiona wenye nchi. Kuna Eugene, msimamizi wa walinzi kwenye jengo la ghorofa thelathini, anayeitwa Waziri kwa sababu hata akiagiza chai anahutubia. Kuna Collins wa kompyuta, anayeitwa Data, kwa kuwa data zake haziishi hata akiwa hana habari yoyote. Kuna Bella wa mapokezi, hoteli moja huko The Pearl. Huyo hawajathubutu kumbandika jina, ana mdomo. Na kuna Mumbua, nesi, ambaye wote humwita Sista. Siku hiyo chai yake ya karak ilikuwa imempoa mkononi na moyo wake ulikuwa juu juu. Kufikia saa kumi na mbili alitakiwa kutoa jibu.

— Daktari Daisy wa pale hospitali kwetu ameacha kazi, alisema Mumbua. Anafungua kliniki yake Abu Hamour. Na ananitaka twende naye.

— Ameacha ama ameachishwa? aliuliza Waziri.

— Ameacha mwenyewe. Ameandika barua, ameshukuru, ametoka.

— Zii! Mtu haachi ofisi yenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Kuna kitu ameona huyo.

— Amechoka, Waziri. Hiyo kliniki yake ni tofauti. Mtu analipa kidogo kila mwezi, awe mgonjwa, awe mzima. Akitaka daktari anapiga simu, anakuja, anakaa naye hata saa nzima. Hakuna bima katikati, hakuna kusubiri ruhusa ya mtu.

Waziri aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyetukanwa.

— Nilipe nikiwa mzima? Si hiyo ni kulipia karak ya mtu hajazaliwa!

— Mimi hiyo naijua, aliingilia Data. Madaktari wanahama dunia nzima. Shida ni mashine. Kunakuja kioo fulani, unakitolea ulimi, kinakuandikia dawa. Madaktari wamenusa, wanatoroka mapema.

— Umeisoma wapi? aliuliza Bella.

— Nimeisoma.

— Wapi, Data?

— Bella, mimi nimeisoma. Khalas.

— Wacha uongo. Huyo daktari anafuata matajiri wangu wa Pearl. Kuna mmoja pale kwetu, akipiga chafya moja anataka madaktari wawili, mmoja wa kila tundu la pua.

Walicheka mpaka dobi akachungulia dirishani.

— Hataki wa Pearl, alisema Mumbua. Anataka madereva, mayaya, walinzi kama Waziri. Hata bei ameipanga ya watu wetu.

— Basi ni mbaya zaidi! Waziri alisimama. Hebu nisikilizeni. Daktari akishalipwa mapema, ugonjwa wako ni hasara kwake. Si ataomba usiku na mchana tusiugue? Tutapona wote. Hospitali zitabaki tupu. Halafu? Wallahi zitaajiri watu wa kukohoa, foleni ionekane ndefu. Wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni.

— Watahitaji msimamizi, alisema Data.

— Ndiyo kazi ninayoomba.

Mumbua alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Watu hawa aliwapenda, lakini kuna siku alitamani kuwafunga midomo na plasta.

— Mnajua kazi yangu hasa ni nini pale hospitali?

— Si nesi?

— Ni kugonga mlango. Kila mgonjwa ana dakika saba. Ikifika ya saba nagonga, naingia na faili la anayefuata. Daktari anaelewa, mgonjwa anaelewa, anatafuta viatu. Miaka minne nagonga. Sasa mwezi uliopita alikuja dereva mmoja, mtu mzima kabisa. Dakika sita alieleza goti. Nilipofungua mlango ndipo alikuwa anaanza, "Na kuna kitu kingine, Daktari..." Akaniona. Akasema, "Basi, ni goti tu." Akaenda zake.

Bella alimsogelea.

— Kitu gani kingine? aliuliza Bella.

— Sijui! Ndiyo inaninyima usingizi. Daktari Daisy aliandika barua yake siku hiyo hiyo.

Bella alimshika goti.

— Sista, nakuelewa. Lakini huko hospitali una nyumba ya kazi. Una tiketi ya kwenda Machakos kila mwaka. Kliniki ikifungwa baada ya miezi mitatu utamwambia nini mamako?

Hilo ndilo hasa lililokuwa likimla. Mumbua aliogopa, tena aliogopa vibaya. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba Desemba binti yake anakuja.

— Kaa ulipo, alisema Waziri. Kikao kimeamua.

— Naunga mkono, alisema Data.

Walikuwa na uhakika mwingi hivi kwamba Mumbua naye aliuazima. Alitoa simu akaanza kuandika: "Daktari, asante sana, lakini..."

— Samahani ssebo, samahani nyabo. Naomba kalamu.

Alikuwa mama wa makamo, Mganda, mtandio kichwani, fomu mkononi. Alisema anaitwa Hadijah na ana wiki tatu tu Doha.

— Nimepata kazi kwa nasari ya watoto, alieleza. Fomu nimejaza yote, imebaki hapa tu, jina la daktari wako. Sasa mimi ni mgeni. Nyinyi wa zamani, daktari wenu anaitwa nani?

Waziri alifungua mdomo kwa kujiamini kabisa.

— Daktari wangu ni... yule. Wa miwani.

— Mimi huonwa na yeyote aliye zamu, alisema Data.

— Wangu alikuwa Mhindi mmoja mpole sana, alisema Bella. Ama alikuwa Mmisri?

Wote wakamgeukia Mumbua. Alifanya kazi na madaktari kumi na mmoja na alijua kila mmoja anakunywa chai na sukari ngapi.

— Mimi pia sina, alisema.

— Banange! Na mmekaa hapa miaka mingapi?

— Mimi tisa, alijibu Waziri, akiangalia viatu vyake.

Mumbua alifuta yale aliyokuwa ameandika. Akapiga simu.

— Daktari, ni Mumbua. Nakuja. Ndiyo, nimeamua, barua ya kuacha nitaipeleka Jumapili ofisi ikifunguliwa. Na uandike mtu wa kwanza kwenye daftari, anaitwa Hadijah.

Sauti ya Daktari Daisy ilisikika hadi mwisho wa benchi.

— Anaumwa nini?

— Haumwi. Anataka tu kuwa na daktari.

Kabla hajakata, Waziri alimvuta mkono wa blauzi. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alinong'ona.

— Sista, muulize kama anachukua na watu wa presha. Yangu iko juu tangu mwaka juzi.